Keki Iliyogoma Kukatwa Pale Daraja Mbili

Aibu hii nimeikalia kimya muda mrefu, lakini kwa kuwa wako watu wanaisimulia vibaya huko Ngarenaro, afadhali muisikie kwangu niliyeaibika, na mtaona hasira bado ninayo.

Mimi ni fundi wa majokofu. Ijumaa moja Mama Neema, mwenye ukumbi wa sherehe pale mtaa wa Daraja Mbili, aliniita akilalamika kwamba maziwa yanaharibika ndani ya chumba chake cha baridi, wakati kibao cha ukutani kinaonyesha digrii nne kama kawaida. Nikahisi sensa, kile kidude kinachopima joto la chumba na kulipeleka kwenye kibao, inadanganya. Kuipima ni rahisi, unaitumbukiza kwenye barafu iliyochanganywa na maji, inatakiwa isome sifuri. Kipimajoto changu cha kuhakikishia nilikisahau karakana, na mvua ilikuwa inashuka ile ya kutoka mlimani (mnaijua), nikaona kukirudia ni usumbufu, barafu inatosha. Nikamwomba Shabani, mpishi wa ukumbi, akaniletea ndoo nzima.

Sensa ikasoma kumi na mbili chini ya sifuri. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikajiona daktari bingwa, nikauwekea mtambo uiongezee hizo kumi na mbili kila inaposoma, na nilipoirudisha chumbani kibao kikaonyesha kumi na sita, nikamwambia Mama Neema ndiyo maana maziwa yanachacha, sasa mashine itafanya kazi mpaka apate nne ya kweli. Alifurahi hata akanialika harusi ya kesho yake.

Jumamosi saa tisa alasiri nimekaa na gauni langu, maharusi wakashika kisu wakate keki iliyotoka chumba kile cha baridi. Hakikuingia. Bwana harusi akakandamiza, kisu kikapinda, watu wakadhani ni utani wa MC wakapiga vigelegele. Juisi nazo zikaja zimeganda kwenye majagi. MC akauliza kwenye kipaza sauti kama fundi wa friji yupo, asimame, na Mama Neema akaninyooshea kidole. Nikasimama mbele ya ukumbi mzima. Shangazi wa bibi harusi akauliza (kwa sauti, wala hakunong'ona) nani alimpa mwanamke kazi hiyo. Wazazi wakalishwa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, badala ya keki.

Nikamfuata Shabani jikoni.

"Kaka Shabani, ile barafu ulitia nini?"

"Chumvi, dada. Ilikuwa ya kupozea soda."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Barafu yenye chumvi inashuka mbali chini ya sifuri, kwa hiyo sensa ilikuwa inasema kweli tupu na mwongo nilikuwa mimi, keki imelala kwenye baridi ya kugandisha nyama huku kibao kikisema nne. Kumbe kilichoharibu maziwa ni mpira wa mlango uliochanika, uliokuwa unaingiza joto pale pale yanapowekwa, ambao ningeuona kama ningepiga magoti tu.

Sasa barafu ya kupimia naigandisha mwenyewe, kwa maji matupu, na bila kipimajoto siigusi sensa ya mtu. Ila yule shangazi sijamsamehe. Uvivu wangu ndio ulioigandisha ile keki, uanamke wangu haukuhusika.