Kitufe Kimoja cha Mama wa Kabeji

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na wenye madigrii ndio hupanga foleni kwangu kucheza gemu. Nilianza na televisheni moja ya mtumba kule Kanja. Leo niko na chumba kizima Embu mjini, skrini nne, vyote kwa hii mikono. Kwa hivyo sisemi kwa wivu nikisema watengenezaji wa gemu wananichefua.

Mteja wangu wa kwanza mjini alikuwa mama wa kutoka Kibugu, anauza kabeji. Akishauza anaingia na gunia tupu, anacheza mpira. Gemu ile ilikuwa na njia rahisi: kitufe kimoja tu, ukikibonyeza mchezaji anajua mwenyewe kama ni pasi ama ni shuti. Mama alikuwa akipiga nduru mpaka watu wa bodaboda wanaingia kuona nani anachinjwa.

Sheria yangu ilikuwa ile ya kila mahali pa gemu: mshindi anakaa, aliyeshindwa anaamka. Ilikuwa sawa mpaka mabingwa watatu wa chuo walipokuja. Wanatafuna muguka, ndugu yake miraa, wanatema majani kwenye kona, pedi zangu za kuchezea zinanata mate ya kijani. Wakicheza hawacheki. Wanakufunga tisa bila, basi.

"Mathe, amka. Enda ukapike hizo kabeji."

"Mimi huuza, sipiki," mama akajibu. "Kwani kwenu hakuna mtu mzima?"

Walicheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu walikuwa wanakaa siku nzima wakilipa.

Siku moja skrini ikaandika Kizungu kingi. Mimi siombi mtu anisomee. Bingwa mmoja akasema, "Bosi, kubali tu iji-update, inakuwa tamu zaidi." Nikabonyeza kama mtu anayejua. Ilipofunguka, njia rahisi haikuweko. Kumbe mabingwa wa dunia nzima walikuwa wamelia huko mtandaoni kwamba inaharibu mashindano, na watengenezaji wakawasikiza.

Mama alikuja siku ya soko. Wachezaji wake wakasimama uwanjani kama ng'ombe waliofungwa kamba. Akaweka pedi chini polepole.

"Kumbe hii si yetu tena."

Akaenda na hakurudi. Watu wa boda pia wakapotea, maana walikuwa wanakuja kumsikia yeye. Nikabaki na watu watatu wanaotema. Aki ni uchafu! Unatengeneza kitu cha kufurahisha watu, halafu unawapa wale ambao hata hawafurahi.

Nikang'oa waya wa intaneti isije ikajibadilisha tena, nikafuta gemu yote, nikaiweka upya kutoka kwa CD ya zamani, bila kuuliza mtu. Na sheria nikabadilisha: mechi mbili kila mtu, ushinde usishinde, unaamka.

"Bosi, umeturudishia gemu ya watoto?"

"Nimerudisha ya watu. Mlango ndio huo."

Wakatoka wakinitukana kwa Sheng. Nami nikaenda sokoni mwenyewe, na mimi huwa sifuati mteja. Mama hakuinua macho.

"Kitufe kiko?"

"Kiko."

"Na wale?"

"Niliwafukuza."

Akasukuma kabeji upande mmoja, nipate pa kukaa.

"Ngoja basi hizi ziishe."

Nikakaa, nikaanza kuwaitia kabeji wapita njia, nikiwa na koti langu zuri. Hazikumaliza hata saa moja. Mimi nikiuza kitu, kinaisha.