Vidonge vya Kugawana

Zahanati yetu ilikuwa upande wa Ihumwa, karibu na reli. Ukutani nilibandika chati ya magonjwa ya zinaa, nikiijaza kwa kalamu nyekundu kila mwisho wa mwezi. Mvua ikigoma na vihenge vikibaki vitupu, nyekundu inapanda. Watu wakivuna, inashuka. Wakubwa walipokuja kukagua wakaitazama, wakaniagiza niongeze elimu. Elimu, jamani! Nikaendelea kuita wagonjwa, maana hasira zangu nazijua.

Mwaka ambao mtama ulikauka kabla ya kutoa masuke, alikuja mama mmoja kijana, mjamzito. Mumewe alikwenda kutafuta vibarua machimboni, kimya mpaka leo. Alikuwa na kisonono. Aliyempa ni mnunuzi wa mahindi, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiwaletea watoto wa huyo mama unga.

Nikampa vidonge. "Huyo bwana naye aje atibiwe," nikamwambia. "La sivyo mtoto atazaliwa na macho mabovu."

"Sawa, mama."

Akarudi peke yake, ugonjwa uko palepale.

"Vidonge ulimaliza?"

"Tulimaliza, mama."

"Mlimaliza wewe na nani?"

Kumbe yule bwana aligoma kuja kukaa kwenye benchi letu akitazamwa na watu. Basi binti wa watu akamgawia nusu ya dawa. Kwao, kama kwetu, huli mwenzako akikutazama, hata kama chakula ni mlenda mtupu. Nilimfokea sana. Alisubiri nimalize, akasema taratibu, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mama. Nikimfukuza, wanangu utawalisha wewe?"

Nikampa vidonge vingine, akavimeza mbele yangu. Jioni nikampelekea unga wa kwangu. Nyumbani nami nina watoto. Sikuweza kupeleka tena. Ule unga ulipokwisha, pikipiki ya mnunuzi ilionekana tena mlangoni kwake. Mimi niliiona, nikapita. Ningefanya nini?

Mtoto alizaliwa nyumbani kwa mama yake, usiku wa mvua ya kwanza. Walipomleta kwetu, macho yalikuwa yamevimba, yanatoa usaha. Tulihangaika naye, tukampeleka hospitali ya mjini. Jicho moja likapona.

Mama yake alinishukuru, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mwisho wa mwezi nikashika kalamu nyekundu. Mvua zilikuwa zimekatika tena.