Viatu vya Mgeni Vilivyozuiwa Palma

Siku niliyoanza kazi hii nilikuwa mwalimu wa shule aliyeazimwa kwa sababu ya lugha zake: Kiswahili cha nyumbani, Kireno cha darasani na Kiingereza cha vitabuni. Mkuu wa Itifaki, ambaye hakuvua tai hata joto likizidi, alitazama viatu vyangu kabla ya uso wangu. Kisha akasema, "Mwalimu, hapa hatupokei watalii. Tunapokea vijana ambao kesho watatia saini kwa niaba ya nchi zao. Ukiwaficha ukweli, watatia saini uongo." Sikuwahi kurudi darasani.

Kazi yenyewe iliitwa intercâmbio, yaani ziara za mabadilishano. Viongozi chipukizi kutoka nchi za nje, kama madiwani vijana, wakuu wa ushirika na wahariri, walikuja kwetu kwa siku kadhaa. Ziara ilikuwa na pande mbili. Upande wa taaluma ulimkutanisha diwani na diwani mwenzake, mhariri na mhariri mwenzake. Upande wa utamaduni ulimkutanisha mgeni na watu. Ofisa aliyefuatana na mgeni kutoka asubuhi hadi jioni tulimwita kiungo, na sifa ya kiungo mzuri ilikuwa kunyamaza mahali ambapo mgeni anaweza kujionea mwenyewe.

Nilianzia Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa mkoa wetu, nikahamishiwa Mocímboa da Praia, nikamalizia Palma. Wakati huo watu walikuwa wamerejea makwao baada ya miaka ya kukimbia mashambulizi, na kundi la kwanza la wageni lilikuwa njiani. Nilipendekeza walale majumbani mwa wenyeji, si hotelini. Mkurugenzi wa Mkoa, mama mkali mwenye asili ya Mueda, aliniita ofisini kwake Pemba.

"Mwalimu, familia ngapi zimekubali?"

"Zimekubali nyingi kuliko wageni tulio nao, mheshimiwa. Wengine wamenuna kwa kukosa."

"Basi sikiliza. Likitokea kosa moja tu, wageni wote watalala hotelini, na hutaniletea tena habari za majumbani."

Nilijua uzito wa maneno hayo. Palma ilikuwa imetajwa kwa mabaya kwa muda mrefu, na watu wake walitaka kuonekana tena kama watu wanaoweza kukaribisha mgeni.

Diwani kijana kutoka Kabo Verde, jina lake Adilson, nilimpeleka kwa Bi Mwanaesha, mjane mwenye ulimi mwepesi. Mlangoni tu alimshika mkono akasema, "Huyu sasa ni mjukuu wangu. Na ana sura nzuri, kwa hiyo ni mume wangu pia." Nilimfasiria mgeni utani huo, naye akauliza kama mke anajua kupika. Mtaa mzima ulicheka.

Asubuhi ambayo kundi lilipaswa kuelekea kijiji cha Awasse, simu yangu iliita. Alikuwa Mkurugenzi.

"Mgeni wako, yule diwani, amekamatwa. Wamemvua, na hajulikani alipo. Watoe wageni wote majumbani sasa hivi."

"Nani ameona, mheshimiwa?"

"Dereva aliyekwenda kumchukua amempigia ofisa wa usafiri, ofisa wa usafiri amempigia katibu wangu."

"Dereva yuko wapi?"

"Amekimbilia kituo cha polisi."

"Basi hatuna aliye mahali penyewe. Nipe ruhusa niende nikuambie nilichokiona kwa macho yangu."

"Nenda," akasema. "Usikate simu."

Nilipanda pikipiki ya abiria. Nakiri niliogopa, kwa maana katika nchi yetu habari za namna hiyo zimewahi kuwa kweli. Lakini uani kwa Bi Mwanaesha nilikuta kicheko. Adilson alikuwa peku, ameketi juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma cha kukunia nazi. Kwetu mwanamume mzima haketi juu yake mbele za watu, ila bibi yake akiamua kumtania. Wanawake wa jirani walikuwa wamejipanga ukutani kumtazama.

"Bibi, viatu vya mgeni viko wapi?"

"Chini ya kitanda changu. Siku zote hizi anakula tu kama mkwe. Leo nimesema ataonja jasho lake, kisha atakula, kisha ataondoka. Yule dereva wenu nilimwambia akae asubiri, akanitazama kama nimeshika panga."

Nilifungua spika nikampa simu. Mkurugenzi alijaribu kutumia sauti ya ofisini.

"Mama, huyo mgeni ataachiwa lini?"

"Muulize mwenyewe, mwanangu. Anakuna nazi kama anayeogopa kuiumiza."

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa mama yule: alikuwa anacheka.

"Na mimi nikija, nitavuliwa viatu?"

"Wewe una cheo. Tutakuachia soksi."

Safari ya Awasse ilichelewa. Tulikula wali na samaki wa nazi, dereva naye aliitwa akala, na Adilson alirudishiwa viatu vyake vikiwa vimefutwa vumbi. Mkurugenzi hakutaja tena hoteli. Kundi lililofuata lilipokuja, alifuatana nalo mwenyewe, akataka kulala kwa Bi Mwanaesha.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoendesha kazi hii wanaijua vizuri, nami siwaingilii. Ila mwezi uliopita waliniomba nimpokee mgeni nyumbani kwangu, mwanasheria kijana kutoka Komoro. Katika miaka yote ile nilipeleka wageni kwa watu. Kwangu hakuwahi kulala hata mmoja. Mke wangu alifagia uwanja mara mbili, akaniambia nisimchoshe mgeni kwa maswali. Asubuhi ya kuondoka, kiungo alifika mlangoni na kuniambia kwa adabu kwamba muda umekwisha. Nyuma yangu mke wangu alikuwa bado anapakua.

Nilimjibu kwamba ratiba naijua, kisha nikamwonyesha mkeka. Akavua viatu, akaketi.