Sanda ya Bibi Niliyoifanya Pazia

Niliwahi kuchukua sanda ya mtu aliye hai, mzima, anayekula na kunywa, nikaikata, nikaitia nakshi, nikaitundika mlangoni ikawa pazia.

Ndiyo, sanda. Hiyo hiyo unayoifikiria.

Kabla hamjaanza kunitukana huko chini, nisikilizeni kwanza. Naelekea miaka tisini, naandika kwa kidole kimoja, na matusi nimeshatukanwa na waliowazidi nyie.

Ilikuwa mwaka 1953, Bagamoyo. Mimi Ashatu binti Pazi, miaka kumi na saba. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki, nikawa nakaa na baba na mama yake, Bibi Mwanamvua.

Siku baba alipopokea posa yangu, Bibi alinishika mkono akaniingiza chumba cha nyuma. Akatoka. Nikasikia komeo linashuka kwa nje.

"Bibi, mbona unanifungia?"

"Wewe sasa mwali. Utatoka siku ya harusi."

"Harusi lini?"

"Mfungo Sita."

Nikahesabu kwa vidole. Miezi mitano!

Na mwoaji mwenyewe sasa. Bwanausi wa Saadani, mfanyabiashara wa ng'onda, samaki wakavu, rafiki wa baba tangu ujana wao. Ana wake wawili, na mwanawe mkubwa kanizidi miaka sita. Nilimwona mara moja tu, anakula kwetu, anacheka huku wali umejaa mdomoni.

Sikumtaka. Nasema wazi, nilikuwa radhi nife.

Nilimwambia baba. Akasema mtoto wa kike hana usemi kwenye posa yake. Nikamwambia Bibi. Akakusanya sahani zake akaondoka.

Basi nikamchukia. Baba angalau nilikuwa simwoni. Bibi ndiye alikuwa anafungua na kufunga asubuhi na jioni, uji, wali, maji ya kuoga, halafu kwaa! komeo.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo. Dirisha lilikuwa dogo, halipitishi hata kichwa, na limewekwa fito za mti. Joto la humo msiniulize. Nje nasikia wenzangu wanapita kwenda kisimani wanacheka, nami siruhusiwi hata kuwaitikia.

Wiki ya tatu nilianza kuongea na ukuta. Nikajiambia, Ashatu, utarukwa na akili wewe, tafuta la kufanya.

Ndipo nikaangalia kilichokuwemo. Kitanda cha kamba kilichokatika miguu, madebe mawili ya mafuta ya taa, sahani za kaure zilizovunjika, kanga zilizochakaa, mkeka uliochanika, na kasha la zamani lisilo na kufuli.

Nikaanza na sahani. Nilimwomba Bibi chokaa nikamwambia nataka kuziba tundu la panya. Nikavipachika vile vipande ukutani kimoja kimoja, vya bluu na bluu, vyekundu na vyekundu, ikatoka duara kubwa ya maua. Jua la asubuhi likiingia, ukuta ulikuwa unametameta.

Kanga nikazichana tepe tepe nikasuka zulia. Debe nikalitoboa matundu kwa msumari likawa la kufunikia taa. Mbao za kitanda nikazifanya rafu. Mtu akiingia asingeamini ni stoo.

Lakini mlango ulikuwa unanisumbua. Kila nikiinua macho nauona, na kila nikiuona nakumbuka komeo. Nikataka kuufunika.

Nikafungua kasha. Chini kabisa, chini ya makanzu ya marehemu babu, nikakuta kitambaa cha bafta nyeupe pepepe, imekunjwa vizuri. Ilikuwa inanukia karafuu maiti. Nikajua wameiweka isiliwe na mende.

Mnaona ujinga wangu? Bafta nyeupe, karafuu maiti, chini ya kasha la mtu mzee. Mtoto wa chekechea wa pwani angejua. Mimi nilikuwa nawaza mlango tu.

Nikaikata mapande mawili, nikapinda kingo. Kisha hina niliyokuwa naletewa nipakwe mimi, nikaipaka bafta. Maua, majani, korosho, kila nilichotamani kukiona huko nje nikakichora humo. Siku kumi na moja nzima. Nikaitundika.

Kwa mara ya kwanza tangu niingie, sikuuona mlango. Nililia nikalala usingizi mzito.

Bibi alikuwa akiingia na kutoka, anasogeza pazia kwa mkono, anaweka uji, anaondoka. Hakusema kitu. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, nikasema haoni huyu, yake ni kufunga tu.

Akawa ananiletea hina nyingi kuliko mwanzo. Nikaona ananiandaa kwa lile zee.

Mfungo Tano, mwezi mmoja kabla ya harusi, akaja Bi Mosi, dada yake Bwanausi, kunikagua. Ndiyo desturi, wanawake wa upande wa mume waje wamwone mwali. Nikakaa mkekani, kanga usoni. Huyu akirudi na neno zuri, nimekwisha.

Bi Mosi akaingia na Bibi nyuma yake. Akazungusha macho.

"Mashaallah! Haya yote kafanya mwali?"

"Kafanya yeye," Bibi akajibu.

"Kaka yangu kapata mke jamani. Na hili pazia!" Akalishika, akalifikicha kwa vidole. "Bafta nzuri, laini. Mmenunua dukani kwa Jaysukh?"

Bibi akasogea, akashika upande wa pili, akaupeleka puani.

Weee! Ule ukelele sijausikia tena maishani.

"Sanda yangu! Jamani Waislamu, sanda yangu! Kaniletea marehemu mume wangu toka Maka, kaichovya maji ya Zamzam kwa mkono wake! Kanikatia sanda yangu huyu!"

Bi Mosi akaliachia kama limemuunguza. "Astaghfirullah! Astaghfirullah!" Akarudi kinyumenyume, akajikwaa kwenye zulia langu, akatoka na kiatu kimoja. Halua iliyotengwa hakuigusa.

Nimekata sanda ya Bibi yangu! Niliona hata Mungu hatanitazama tena.

Siku ya nne salamu zikaja kutoka Saadani.

"Mwambieni Pazi, mwanamke aliyetundika sanda mlangoni kabla ya harusi, mimi atanivika lini?"

Posa ikarudi.

Baba akaja kama moto. Akasimama mlangoni ananifokea, nimemwaibisha, nimemkosesha rafiki, na kesho atanitafutia mume mwingine, hata kama ni kipofu wa Kerege, na komeo halitoki.

Bibi akamwekea mkono kifuani.

"Pazi. Nani aliyekatiwa sanda, mimi au wewe?"

"Wewe, mama."

"Basi mwenye haki ya kumhukumu ni mimi. Na hukumu yangu ni hii, huyu haolewi na mtu mpaka mwenyewe aseme ndiyo."

"Mama, hiyo hukumu au zawadi?"

"Ukiivunja, radhi zangu huzipati, duniani wala akhera."

Nani achezee radhi za mama? Baba akaondoka anasonya.

Tukabaki wawili. Nikamwangukia miguuni nikilia. "Nisamehe Bibi, wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Inuka."

"Nitakununulia nyingine."

"Ya Zamzam utaitoa wapi, na aliyeichovya yuko kaburini?" Akakaa juu ya kasha. "Nimeijua siku ya kwanza ulipoitundika. Macho yangu yana ukungu, pua haina."

"Siku ya kwanza? Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri wageni."

Jamani.

"Nilirudi jikoni nikalia kwanza," akasema. "Hicho ndicho kitu pekee cha babu yako nilichotaka kwenda nacho. Halafu nikawaza, Bwanausi ni mtu wa kuogopa majini na vivuli. Baba yako mimi sikumweza kwa maneno, nilijaribu. Hili pazia litawaweza lenyewe."

"Na utazikwa na nini?"

"Na bafta ya dukani, kama watu. Sasa toka nje ukaote jua, umekuwa mweupe kama mhogo uliomenywa."

Akatoka akaacha mlango wazi. Nilikaa nikiutazama muda mrefu, nikaogopa kuupita.

Niliolewa miaka minne baadaye na Mtoro, fundi seremala, niliyemtaka mwenyewe. Bibi alifariki mwaka uliofuata. Bafta yake nilikwenda kuinunua mimi, kwa Jaysukh, nikaibeba kichwani barabara nzima nalia bila haya. Kila mtu alijua nalilia Bibi. Hakuna aliyejua nalilia ile niliyoikata.

Karibu miezi mitano nilimchukia mtu mmoja tu duniani, naye ndiye aliyetoa kitu chake cha mwisho ili mimi nitoke.

Kwa hiyo wewe uliyefungiwa mahali leo, iwe ndoa, iwe nyumba, iwe kazi, usiwe mwepesi wa kumlaani anayeshika komeo. Mtazame vizuri. Huenda na yeye anatafuta namna.