Sombe ya Papa Kalala

Juzi, sokoni Kasuku, harufu ya sombe, yale majani ya muhogo yaliyopikwa, ilinikumbusha Papa Kalala, jirani yetu wa kando ya reli, ambaye hakusali kanisani wala msikitini. Wakati wa vita, nilipokuwa mtoto, treni zilikoma na chakula kikaisha mjini. Mchana mmoja alituita mimi na ndugu zangu, akatupakulia sombe isiyo na chumvi.

"Papa, hatuombi kwanza?" nilimwuliza.

"Omba wewe, mutoto wangu. Sombe inapoa."

"Na wewe hauli?"

"Mie nimekwisha kula."

Akanywa maji tu, koo likisikika. Nilidhani wasiosali hula kwa siri.

Sasa wanangu wakiniuliza kama mtu asiye na dini anaweza kuwa mwema, ninawaambia polepole kwamba Papa Kalala alikufa kwa njaa kabla treni hazijarudi, na sisi tukabaki hai.