Mama Deki na Birika la Ubatizo

Waumini walimwita Mama Deki, naye hakuchukia. Sakafu ya kanisa lile aliijua kwa magoti: wiki nzima akisugua, Jumapili akisali. Alijua ubao upi hulia ukikanyagwa na benchi lipi wakubwa hubandika chingamu kwa chini.

Alijua pia mambo ya ubatizo yanavyokwenda. Watoto wa Kizungu walibatizwa kwenye birika la mawe, mbele ya madhabahu. Watoto weusi walisubiri, kisha wakabatizwa karibu na mlango, kwenye beseni la bati lililowekwa juu ya kigoda. Kulitoa beseni stoo ilikuwa kazi yake. Alilitoa miaka nenda rudi, kimya, roho ikimuuma. Hata binti yake alibatizwa humo.

Sasa ilikuwa zamu ya mjukuu. Jumamosi, huku akifuta madirisha, alimwambia binti yake kwamba mtoto huyu hatapelekwa mlangoni. Binti akamsihi asichezee kibarua, akamkumbusha mzee wa kanisa, yule Mzungu aliyelitoa birika kama zawadi na bado analilinda kama mali yake.

"Mama, si maji tu?"

"Ni maji tu. Hata yale ya kwenye jiwe. Sasa wanatunyima ya nini?"

Kesho yake, alipokwisha kumbatiza mtoto wa Kizungu, mchungaji, kijana mpole kupita kiasi, aligeukia mlangoni. Kigoda kilikuwa kitupu. Mzee wa kanisa akainuka, akauliza beseni liko wapi.

"Liko nje, mzee. Nimelipigia deki chooni."

Mzee akasema basi mtoto asubiri wiki ijayo. Mama Deki alikuwa ameshamchukua mjukuu mikononi mwa binti yake, anakwenda mbele. Akasimama penye birika.

"Kesho huna kazi hapa," mzee alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ya kesho nitayaona kesho. Mimi nakupenda, mzee. Nakuombea kila siku, na Mungu anajua si kazi nyepesi. Lakini siwezi kukupenda halafu nikakubebea kigoda cha kumwekea Yesu mlangoni."

Mtu alicheka huko nyuma, mwingine akaitikia amina. Mchungaji akatazama maji, akamtazama mzee, akamtazama mtoto aliyekuwa akinyonya ngumi yake.

"Mchungaji, mwanangu," Mama Deki alisema, akimfunua mtoto kichwa, "mkono wako bado umelowa. Endelea."

Mchungaji akachota maji. Mtoto akalia kanisa zima likasikia.

Jumatatu walimnyang'anya funguo. Jumapili iliyofuata alivaa gauni lake zuri, akayapita mabenchi ya nyuma, akaketi kwenye la mbele kabisa, ubavuni pa mzee wa kanisa. Wakati wa kupeana amani ulipofika, alimnyooshea mkono. Mzee akajifanya anatafuta wimbo kitabuni. Wimbo ukaanza, beti zikaimbwa zote, watu wakaketi, na Mama Deki alikuwa bado kaunyoosha mkono.