Shangazi Liduvina na Viwavi Wake Tisa

Mwaka ule viwavi walilimaliza shamba la muhogo la shangazi yangu Liduvina kwa siku nne. Jumapili lilikuwa kijani, Alhamisi yamebaki mashina matupu kama fito. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitano tu nyuma, na sisi hapa Yuty, mji wetu mdogo, bila muhogo mezani hatuhesabu kwamba tumekula.

Aliokota viwavi kwa mkono, ndoo baada ya ndoo, akawapa kuku. Tisa aliwabakiza. Akawatia kwenye debe lenye udongo, akaliweka barazani na majani machache yaliyosalia.

Jirani yetu, mzee Casiano, alipowaona alishika kiuno. Kwetu "Ña" ni Bibi, na "Karai" ni Bwana.

"Ña Liduvina! Wamekula shamba, sasa unawaandalia na meza?"

"Aliyeniibia nataka nimjue sura, Karai Casiano."

"Sura gani? Mdudu!"

"Hata wewe ukikaa kimya unapendeza."

Alikaa nao kama anayelea vifaranga. Wengine walikuwa kijani, wengine kahawia, kila mmoja na kipembe mkiani. Waliposhiba waliacha kula, wakazama udongoni, na kila mmoja akageuka kitu kigumu cha kahawia kinachong'aa. Ukikigusa, kinatikisa ncha. Shangazi alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Siku ya kumi na sita tangu wazame udongoni alinipigia kelele niache kufua. Nondo alikuwa ametoka, kalowa, amepanda pazia, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Tulisimama hadi yakanyooka. Ya mbele yalikuwa ya kijivu, huwezi kuyatofautisha na gome la mti. Alipoyasogeza, ya nyuma yakaonekana: rangi ya chungwa, yamepigwa ukingo mweusi. Tumbo lina pingili za kijivu na nyeusi.

"Mwanangu," alininong'oneza, "na uzuri wote huu, kazi ni kunila mimi."

Akamfungulia dirisha.

Msimu uliofuata hakungoja viwavi. Alipoona nondo wa kijivu kwenye maua jioni, kesho yake asubuhi alikuwa shambani anapindua majani. Mayai yalikuwa madogo, ya kijani, mviringo, moja hapa, moja pale. Aliyaponda kwa kidole. Yaliyogeuka meusi aliyaacha, kwa sababu aliwahi kuyafungia kwenye chupa na humo, badala ya viwavi, wakatoka vinyigu wadogo kuliko punje ya chumvi, waliokuwa wamelila yai kwa ndani.

"Hawa ni vibarua wangu," alisema. "Hawaombi hata kikombe cha terere baridi."

Muhogo ule ulikomaa. Wanawake wa jirani wakaanza kumwita kwao, kisha wakawa wanazunguka pamoja, shamba hadi shamba, na mikate ya chipa kwenye vikapu. Januari iliyopita mzee Casiano alikuja mwenyewe, kofia mkononi, na jani la muhogo lenye yai moja.

"Ña Liduvina, macho yangu hayaoni vizuri. Yai hili ni jeusi au la kijani?"

Shangazi alilichukua, akalisogeza kwenye mwanga, akavuta kiti cha pili.

"Keti kwanza, Karai. Nikuonyeshe polepole."